Shairi na kijitabu cha bethidei kwa rafiki wa tangu utotoni anayependa kuandika: naomba mwongozo wa hatua kwa hatua

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza anatimiza miaka 50 mwezi ujao. Ni mtu wa kuandika: barua, hadithi fupi, madaftari yasiyoisha. Keki na vitenge atapewa na wengine. Mimi nataka zawadi ya maandishi: shairi la tarbia, beti 7, lisomwe mbele ya watu siku hiyo, halafu liingie kwenye kijitabu pamoja na vipande vyake mwenyewe na salamu za marafiki.

Rasimu ya ubeti wa kwanza ni hii. Ikosoeni bila huruma:

Leo ni siku ya kalamu, rafiki nakukumbuka,
Kuandika una hamu, wino wako wamwagika,
Maneno yako ni matamu, dunia yote yasifika,
Hamsini umefikisha, Mungu akupe baraka.

Na kijitabu nakitengenezaje kisionekane kama hendauti ya semina?

MizaniNane

Mkuu, nimeupima. Wazo lipo, ila mizani, yaani hesabu ya silabi, imeyumba sehemu nne na kina kimoja kimepotea.

Tarbia ya kawaida ina mishororo 4, kila mshororo vipande viwili, yaani ukwapi na utao, na kila kipande mizani 8. Jumla mizani 16 kwa mshororo. Wako uko hivi:

Mshororo wa 1: Le-o-ni-si-ku-ya-ka-la-mu, hiyo ni 9. Utao ni 8, salama.
Mshororo wa 2: 8 na 8. Uache ulivyo kwa mizani, nitarudi kwenye maana.
Mshororo wa 3: ukwapi 9, utao 9. Umeharibika pande zote.
Mshororo wa 4: Ha-m-si-ni-u-me-fi-ki-sha, 9. Tena kina cha kati kilikuwa -mu mishororo mitatu, hapa kimegeuka -sha.

Namna ya kupima bila kujidanganya: hesabu irabu zote, kisha ongeza kila m au n inayosimama peke yake. "Mtu" ni m-tu, mizani 2. "Nchi" ni n-chi, 2. "Mpenzi" ni m-pe-nzi, 3. Lakini "mbuzi" ni mbu-zi, 2 tu, kwa sababu m hapo imeshikana na b. "Nyumba" 2, "mwanafunzi" 4. Irabu mbili zikifuatana, kila moja ina mizani yake: "barua" ni ba-ru-a, "baadhi" ni ba-a-dhi.

Neno linalowaponza wengi ni hilo hilo "hamsini". Mtu anasikia "ham" kama pigo moja, anahesabu 3. Ni ha-m-si-ni, mizani 4. Konsonanti iliyobaki bila irabu katikati ya neno, washairi wengi huihesabu peke yake. Vivyo hivyo "daktari", da-k-ta-ri.

Usipime kwa macho. Gonga meza kwa kidole, pigo moja kwa kila silabi, halafu mpe mtu mwingine agonge bila kumwambia jibu. Sikio la mtunzi huwa linameza silabi ya tisa kwa sababu linataka mstari upite.

Pwani_Kaskazini

Nyongeza juu ya maana. "Wino wako wamwagika" ulikusudia wingi wa maandishi, lakini msomaji ataona kidau kimepinduka na kitambaa kimechafuka. "Wino haujakauka" inaleta maana ya mtu ambaye bado anaandika, na mizani ni ile ile: wi-no-ha-u-ja-ka-u-ka, 8.

Mshororo wa tatu ndio dhaifu kuliko yote, na si kwa sababu ya mizani. "Maneno matamu, dunia yasifika" unaweza kumpa mwimbaji, mhubiri, hata mgombea udiwani. Mtu anayeandika anatambua haraka sifa ya kuokota. Toa kitu kimoja alichofanya kwa kalamu. Umetaja barua: aliwaandikia nani?

Mleta mada

Zamani mtaani wazee walikuwa wanampangia foleni awaandikie barua za kwenda kwa watoto wao. Alikuwa darasa la tano.

Pwani_Kaskazini

Hapo sasa. Hicho ndicho cha kuweka. Na "zamu" inatua kwenye -mu bila kulazimishwa:

Leo nashika kalamu, rafiki nakukumbuka,
Kuandika una hamu, wino haujakauka,
Jirani wapanga zamu, barua ukiandika,
Hamsini imetimu, Mungu akupe baraka.

Pima mwenyewe, zote 8 kwa 8. Vina vya kati -mu, vya mwisho -ka.

Bi_Mshororo

Ubeti umekaa. Swali la kike: una uhakika anataka hamsini itajwe mbele ya ukumbi mzima? Kama mshororo wa nne ni kibwagizo, kwa beti 7 utakuwa umemtangazia umri mara saba, na mara ya mwisho watu wote watakuwa wanaitikia kwa sauti. Wapo wanaofurahia, wapo watakaokununia hadi Krismasi. Muulize ndugu yake wa karibu. Ukitaka salama: "Siku yako imetimu, Mungu akupe baraka". Si-ku-ya-ko-i-me-ti-mu, 8.

MizaniNane

Bi Mshororo kanichekesha, lakini ana hoja.

Sasa amua mpangilio wa vina kabla hujaandika ubeti wa pili, maana hapa ndipo watu hukwama katikati ya safari.

Mtiririko: vina vya kati na vya mwisho havibadiliki shairi zima. Unapendeza sikioni, lakini beti 7 zenye kibwagizo zinakudai maneno 21 ya -mu na 21 ya -ka, bila kurudia. Ya -ka yako tele, kila kitenzi cha kutendeka kinakusaidia. Ya -mu yanaisha mapema: hamu, zamu, elimu, salamu, fahamu, nidhamu, msimu, karamu, dawamu, mwalimu, heshimu. Ukifika la kumi na tano unaanza kuokoteza, na kuokoteza kunasikika.

Ukara: vina vya upande mmoja vinadumu, vya upande wa pili vinabadilika kila ubeti. Huu nakushauri. Shikilia -ka mwishoni, badilisha vya kati.

Ukaraguni: vyote vinabadilika. Rahisi zaidi, ila kwa kuwa kibwagizo chako kinabaki na -mu na -ka, kila ubeti utakuwa na mshororo mmoja wenye vina tofauti na wenzake. Inaruhusiwa. Masikioni inalegea kidogo.

Epuka -ni kwa shairi zima. Mahali popote panageuka kina: nyumbani, shuleni, kitabuni. Ubeti mmoja sawa, beti saba inakuwa ramani.

Na usirudie neno lile lile kama kina ndani ya shairi moja. "Kalamu" umeshaitumia kwenye ubeti wa kwanza, imekwisha hiyo. Kwa rafiki anayependa kuandika kishawishi cha kuirudisha kitakuwa kikubwa.

mwandani_wa_tanga

Kuhusu kukaza na kulegeza mizani, maana utahitaji. Mapokeo yanakupa ruhusa zifuatazo, ila kila moja ina bei yake.

Inkisari, kufupisha: "nilipoandika" inakuwa "nlipoandika", irabu imeondoka lakini n inabaki na mizani yake. Hapo huokoi kitu. Wengi hawalioni hili. Inkisari inayookoa kweli ni ile ya "siku hiyo" kuwa "sikuyo", kutoka 4 hadi 3.

Mazida, kurefusha: "afya" kuwa "afiya", "enda" kuwa "enenda".

Kufinyanga sarufi: "mwandani wangu" kuwa "wangu mwandani". Mizani haibadiliki, lakini inakuletea kina unachotaka mwishoni.

Moja au mbili kwa ubeti zinavumilika. Tatu, shairi linaanza kunuka jasho la mtunzi.

Njia nyingine, na mimi naipenda zaidi kuliko kufinyanga, ni kubadilisha neno. Kwa "rafiki" unayo maneno ya urefu mbalimbali: ndugu, somo, mwenza (mizani 2), rafiki, sahibu, swahiba, mwandani, msiri, mwenzangu (3), mshikaji, mshirika (4). Kabla ya kukatakata neno, jaribu jirani yake.

Kaka_Huru

Mimi nipingane kidogo na wote. Mnamjengea mtu nyumba ya vina bila kuuliza yeye anaandika nini. Kama anaandika hadithi na mashairi huru, tarbia ya kwanza ya maisha yako itasomwa na mtu anayejua mistari inavyopumua. Andika kwa nathari. Barua ya ukurasa mmoja, maneno 300 hadi 400, iliyojaa vitu mahususi, inampiku mtunzi anayetafuta -mu.

MizaniNane

Ule ugomvi wa miaka ya 1970 wa wanamapokeo wa vina na wanausasa wa mashairi huru tusiufufue kwenye bethidei ya watu, kaka. Kinachosomwa mbele ya ukumbi kinahitaji kibwagizo ili watu waitikie. Barua haiitikiwi.

Lakini kwa kijitabu nakubaliana nawe: barua iwemo.

Mleta mada, ukitaka kanuni zote mahali pamoja, tafuta kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 cha sheria za kutunga mashairi. Maktaba za vyuo nyingi zinacho.

Kaka_Huru

Basi niiseme barua, maana nayo ina mitego.

Mtego wa kwanza na mkubwa: inageuka wasifu wa marehemu. "Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, ameacha alama." Ukumbi unasikia tanzia, mama yake anaanza kulia, na mwenye siku anakaa anasikiliza mazishi yake. Tiba ni nyakati za vitenzi. Anza na kinachoendelea sasa: anaandika saa ngapi, kwa kalamu gani, anakunja vipi pembe za kurasa, anafuta neno kwa mstari mmoja au analichafua lisionekane. Yaliyopita yaingie katikati, yasiwe mlango. Maneno "atakumbukwa", "ameacha pengo", "mchango wake hautasahaulika" yafute yote.

Mtego wa pili: kumsifu kwa kumfananisha na waandishi wakubwa. Mtu anayependa kuandika anajua umbali uliopo na anaona haya. Taja kipande chake kimoja kwa jina, sema mstari upi ulibaki na wewe na kwa nini. Aya moja ya hivyo inatosha.

Mtego wa tatu: utani wa ndani unaoeleweka na nyinyi wawili tu. Mmoja unakubalika. Ukizidi, wageni wanaanza kuangalia simu.

Andika kwa mkono kwanza. Halafu isome kwa sauti ukiwa umesimama. Sentensi inayokukata pumzi ni ndefu mno.

FundiKurasa

Naona wataalamu wa maneno wamemaliza upande wao. Mimi nije na kijitabu, kazi yangu ni karatasi.

Ukubwa: A5, yaani A4 iliyokunjwa kati. Kila karatasi ya A4 inatoa kurasa 4, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Chagua kurasa 32, karatasi 8. Zaidi ya hapo kwa mkunjo mmoja kijitabu kinavimba na hakifungi vizuri.

Mgao wa kurasa 32: ya kwanza jina la kijitabu, ya pili tupu. Shairi beti 2 kwa ukurasa, kurasa 4. Barua kurasa 2 hadi 3. Vipande vyake mwenyewe kurasa 12 hivi. Salamu za marafiki kurasa 6. Zinazobaki mwishoni ziache tupu, na zichapwe mistari hafifu ya kuandikia. Atazijaza mwenyewe.

Karatasi: ya kawaida ya gramu 80 inafaa ila maandishi ya upande wa pili yanaonekana kwa mbali. Ukipata ya gramu 100, chukua. Rangi ya maziwa inapumzisha macho kuliko nyeupe kali. Kama kurasa za mwisho ni za kuandikia kwa kalamu ya wino wa maji, jaribu kwanza kwenye kipande: karatasi nyingi za fotokopi zinanyonya wino na herufi zinaota ndevu. Kalamu ya bolpeni haina tatizo hilo.

Jalada: kadi ya gramu 220 hadi 250. Usilikunje kwa nguvu tu, litapasuka kwenye mkunjo. Weka rula ya chuma, pitisha ncha ya bolpeni iliyokwisha wino au mgongo wa kisu ili kutengeneza mfereji, ndipo ukunje kuufuata.

Mwelekeo wa nyuzi za karatasi: shika karatasi bila kuikunja, ipinde taratibu kwa urefu halafu kwa upana. Upande unaopinda kwa urahisi ndio ulikolala nyuzi. Mkunjo wa kijitabu unatakiwa kwenda sambamba na nyuzi. A4 nyingi za madukani zina nyuzi za urefu, na kwa A5 mkunjo unakata kwa upana, kwa hiyo ndani utaridhika na ulichopata. Kwa kadi ya jalada lakini unaweza kununua shiti kubwa na kuikata upande sahihi. Usipofanya hivyo jalada litabaki limefunua mdomo hata ukiliwekea matofali.

Maandishi: fonti yenye miguu, pointi 12 kwa shairi, 11 kwa barua na hadithi. Mshororo wa mizani 16 una herufi zisizozidi arobaini hivi, unaenea vizuri kwenye upana wa A5. Ukizikuza herufi mno mishororo inaanza kukatika na utao kushuka chini, shairi linageuka uji. Pambizo milimita 20 upande wa mkunjo, 15 upande wa nje.

Zima kusahihisha kwa otomatiki kabla hujaanza kuchapa. Programu iliyowekwa Kiingereza inabadilisha maneno kimyakimya. Angalia pia alama ya ng': "ng'ara" ikikosa kile kialama inasomeka tofauti.

Mleta mada

FundiKurasa, kuprinti kwa mpangilio ndiko kunanitisha. Ukurasa wa 1 unakaa karatasi moja na wa 32?

FundiKurasa

Ndiyo. Kanuni ya kukagua ni rahisi: namba mbili zilizo upande mmoja wa karatasi, ukizijumlisha, lazima zipate kurasa zote kuongeza moja. Kwa kurasa 32 jumla ni 33 daima. Karatasi ya nje: 32 na 1 mbele, 2 na 31 nyuma. Inayofuata: 30 na 3, kisha 4 na 29. Ya katikati kabisa ni 16 na 17. Ukiona jumla imetoka 34, kuna ukurasa umeongezeka au umepotea.

Huna haja ya kupanga kwa mkono. Hifadhi kazi kama PDF ya A5, kisha kwenye kuprinti chagua mpangilio wa kijitabu, pande zote mbili, geuza kwa ukingo mfupi. Hilo la ukingo ndilo kosa la kila siku steshenari: kijana akiacha ukingo mrefu, kurasa za nyuma zote zinatoka kichwa chini. Mwambie aprinti karatasi mbili za mwanzo tu, zikunje, zifunue. Zikiwa sawa ndipo amalizie.

Peleka PDF, usipeleke faili la Word. Kompyuta ya steshenari ikikosa fonti yako inaweka nyingine, na beti zinahama kurasa.

Printa ya leza ni bora. Printa ya wino wa maji inatoa rangi nzuri lakini tone la jasho linatosha kuchafua ukurasa.

Picha na barua za zamani: omba mtu akutumie kwa WhatsApp kama dokumenti, sio kama picha, la sivyo inabanwa na kutoka ukungu. Ukiskani, nukta 300 kwa inchi. Na barua halisi usizifanyie lamineshi. Joto na plastiki havitoki tena.

MshonaMajalada

FundiKurasa ameishia kwenye pini za steplaa au? Mwacheni mtu ashone. Kwa karatasi 8 na jalada, steplaa ya kawaida haifiki mkunjoni na pini zinaota kutu, hasa kwa unyevu wa pwani. Baindi ya ringi inashika ila inaonekana ripoti ya mradi.

Vifaa: sindano nene yenye ncha butu, uzi wa fundi viatu au uzi wa kitani, kipande cha nta au mshumaa, msharasi wa fundi viatu au pini kubwa ya kutobolea, vibanio viwili, rula ya chuma, kisu chenye wembe mpya.

Kunja karatasi mojamoja, halafu ziingize zote ndani ya jalada. Gonga upande wa juu mezani zilingane, bana kwa vibanio.

Kata kipande cha karatasi chenye urefu wa sentimita 21, kikunje, tia alama tatu kwenye mkunjo: sentimita 3.5, 10.5 na 17.5. Kiweke ndani ya mkunjo wa kijitabu, toboa kutoka ndani kwenda nje, zote kwa pamoja pamoja na jalada. Usitoboe karatasi moja moja. Matundu hayatakutana na mshono utapinda.

Kata uzi wa sentimita 60, upake nta. Bila nta uzi unajisokota na kulegea.

Anza ndani, tundu la kati, toka nje, ukiacha mkia wa sentimita 8 ndani. Panda nje hadi tundu la juu, ingia ndani. Shuka ndani moja kwa moja ukiruka tundu la kati hadi tundu la chini, toka nje. Panda nje hadi tundu la kati, ingia ndani. Sasa una ncha mbili na uzi mrefu umelala katikati yake. Hakikisha ncha moja iko kushoto kwa uzi huo na nyingine kulia, ndipo ufunge fundo mara mbili juu yake. Zikiwa upande mmoja, fundo linashika hewa na mshono wote unalegea ndani ya wiki.

Wakati wa kukaza vuta uzi kufuata mkunjo, juu au chini. Ukivuta kukuelekea wewe, unachana karatasi kwenye tundu, na ukurasa wa 16 na 17 ndio unaumia kwanza.

Laza chini ya vitabu vizito usiku mzima. Asubuhi utaona karatasi za ndani zimechomoza kidogo mbele, milimita moja hivi. Ni unene wa karatasi unavyojilimbikiza. Weka rula, kata kwa kisu mara nyingi kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza ukitaka ikatike mara moja, rula inateleza na umekata pembe.

Ghani_Taratibu

Mmesahau kusoma siku yenyewe.

Ubeti mmoja wa tarbia kwa kusoma kawaida unachukua sekunde 20 hadi 25. Beti 7 ni kama dakika tatu. Ukighani, zidisha mara mbili na zaidi. Ukumbini, baada ya chakula, dakika tatu ndizo za watu. Kama linaghaniwa, punguza beti.

Nakala ya msomaji isiwe kijitabu. Printi peke yake, pointi 16, ubeti mmoja kwa karatasi, na alama ya mkwaju kati ya ukwapi na utao: hapo unapumzika kidogo. Pumzi kamili ichukuliwe mwisho wa mshororo. Kibwagizo wafundishe watu wawili watatu mapema, uwatawanye ukumbini. Wakiitika wao mara mbili, wengine wanafuata. Kipaza sauti kiwe kiganja kimoja kutoka mdomoni, vinginevyo kila "p" inalipuka.

Bi_Mshororo

Na kuna lile la kumwagiana maji. Vijana wa siku hizi mtu hajamaliza kukata keki ndoo imeshafika kichwani. Kijitabu kitolewe kabla ya keki, kikishapokewa kirudi kwenye mfuko wa plastiki na kukabidhiwa mtu mzima mmoja asiyecheza muziki.

Nyongeza kwa wengine wanaopita kwenye uzi huu: kama rafiki yako anatoka kwenye nyumba ambako bethidei hazisherehekewi, usilazimishe. Shairi lile lile liandike kama dua na shukrani ya urafiki, toa neno la siku ya kuzaliwa, mpelekee nyumbani kwa utulivu.

mwandani_wa_tanga

Jambo la vipande vyake. Kama ni vile alivyokwisha kuvitoa hadharani, weka. Kama ni vya daftarini, hujaruhusiwa. Kazi ni yake, na tena mashindano mengi ya uandishi hupokea miswada ambayo haijachapishwa popote. Nakala moja ya zawadi haina shida kubwa, shida ni mgeni anayepiga picha kurasa na kuzirusha kwenye magrupu. Njia ya kuhifadhi siri: mwombe kwa kisingizio akutumie vipande viwili atakavyokubali visomwe na watu. Mtu anayeandika haulizi mara mbili akiombwa hivyo.

Pia, jina lake lina herufi ngapi? Unaweza kuanza kila ubeti kwa herufi ya jina lake. Ubeti wa kwanza unaanza na L tayari.

Mleta mada

Anaitwa Leah! Basi beti zinakuwa 4, L-E-A-H, na lile la dakika nalo limepata jibu. Umri nimeutoa, dada yake kasema nisithubutu. Ubeti wa pili huu, ukara, kati -ni:

Elimu ya darasani, wengi walipoichoka,
Wewe ulibaki ndani, kurasa ukizishika,
Hadithi za mtaani, daftari likafurika,
Siku yako imetimu, Mungu akupe baraka.

MizaniNane

Umeiva haraka. Kasoro moja: da-f-ta-ri-li-ka-fu-ri-ka, 9. Ile f inasimama peke yake kama m ya hamsini. Weka "daftari lafurika", inarudi 8, na wakati wa sasa unamfaa Kaka_Huru na hofu yake ya tanzia.

Herufi ya H iache kwa "Hongera" ukikwama, lakini jaribu kwanza "Hadi" au "Hujachoka". Hongera kila mtu ataitarajia.

Mleta mada

Nimerekebisha. MshonaMajalada, uzi wa rangi gani kwa jalada la bluu iliyoiva?

MshonaMajalada

Mweupe wa kitani usiotiwa rangi, unaonekana vizuri mgongoni. Mwekundu unavutia dukani lakini nyuzi nyingi za rangi zinachuja zikipata unyevu, na itachujia kwenye ukurasa wa 16, ambao kwa hesabu ya FundiKurasa utaangukia katikati ya hadithi yake. Sugua uzi kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla hujashona, ukitoa rangi hata kidogo usitumie. Na usitoboe kitu mpaka ubeti wa A na wa H vipimwe hapa kwanza.

MizaniNane

Nasubiri.